Spinoza: Mwanafalsafa aliyetengwa na watu wake kwa ajili ya Mungu asiye nje ya ulimwengu

MNAMO Julai 27, 1656, katika sinagogi la Wayahudi wa asili ya Kireno jijini Amsterdam, Uholanzi, lilisomwa tangazo la kumtenga kijana wa umri wa miaka 23. Tangu siku hiyo, hakuna Myahudi wa jumuiya ile aliyeruhusiwa kuzungumza naye, kukaa naye chini ya paa moja wala kusoma chochote atakachoandika.

Kijana huyo, Baruch Spinoza, alikuwa hajachapisha hata ukurasa mmoja. Tangazo lilimshutumu kwa uzushi, lakini halikueleza ni uzushi gani. Ni maandishi yake ya baadaye yaliyofichua wazo lililowatisha wengi: kwamba Mungu na ulimwengu si vitu viwili vilivyotengana.

Spinoza alizaliwa Amsterdam mnamo Novemba 24, 1632. Jamii yake ilitokana na Wayahudi walioikimbia Ureno, ambako mahakama za Kanisa Katoliki ziliwaandama walioshukiwa kushika dini ya mababu zao kwa siri. Mamake alifariki angali mtoto mdogo. Babake, Michael, alikuwa mfanyabiashara, na alipoaga dunia mwaka 1654, Baruch na nduguye Gabriel walirithi shughuli zake.

Baada ya kufukuzwa, aliiacha biashara na kutumia jina la Kilatini, Benedictus, ambalo kama lile la Baruch humaanisha aliyebarikiwa. Aliishi katika vyumba vya kupanga huko Rijnsburg, Voorburg na hatimaye The Hague, jiji ambalo Wakenya walikuja kulifahamu kutokana na Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu. Alijipatia riziki kwa kusugua vioo vya kutengenezea lenzi za darubini na hadubini. Usiku aliandika.

Kitabu chake kikuu, Ethica, kimepangwa kama somo la jiometri: fasili kwanza, kisha kanuni, kisha ithibati. Hoja yake ya msingi ni kwamba Mungu hana mwisho. Lau ulimwengu ungekuwa nje yake, basi pale unapoanzia ulimwengu ndipo Mungu angekomea, naye angekuwa na mpaka. Kwa hivyo, kila kilichopo kimo ndani ya Mungu. Binadamu, mti na nyota ni namna mbalimbali za kudhihirika kwa dhati moja, mithili ya mawimbi yasiyoweza kutengwa na bahari.

Matokeo ya hoja hiyo ni mazito. Mungu wa Spinoza hakasiriki, hapendelei taifa lolote wala habadilishi mkondo wa maumbile kwa kuwa mtu ameomba. Mambo yote hutokana na hali yake kwa ulazima uleule unaofanya pembe za pembetatu zilingane na pembe mraba mbili. Hapo miujiza haina nafasi. Je, anayepiga magoti gizani kumwombea mwanawe mgonjwa anasikilizwa na nani? Swali hilo ndilo lililowafanya viongozi wa dini, Wayahudi kwa Wakristo, kumwita mkana Mungu.

Yeye mwenyewe aliikataa lawama hiyo. Katika barua aliyomwandikia Henry Oldenburg wa London mwaka 1675, alieleza kwamba wanakosea wanaodhani anamaanisha Mungu ni rundo la maada. Kwake, Mungu ana sifa zisizo na idadi, na akili ya binadamu huzijua mbili tu: fikra na uenevu wa vitu. Ulimwengu umo ndani ya Mungu, lakini Mungu hamaliziki katika vile tunavyoviona. Kuhusu ibada, alifunza kwamba ampendaye Mungu kwa kweli hatarajii kupendwa naye.

Kitabu chake kuhusu dini na siasa, kilichotoka mwaka 1670 bila jina lake, kilipigwa marufuku mwaka 1674. Mwaka 1673 alialikwa kufundisha katika Chuo Kikuu cha Heidelberg, Ujerumani, akakataa kwa kuhofia kwamba uhuru wake wa kufikiri ungewekewa mipaka. Mwaka 1675 alijaribu kuchapisha Ethica, lakini uvumi ulipoenea kwamba kinakana kuwepo kwa Mungu, alikiweka kabatini.

Alifariki Februari 21, 1677, akiwa na umri wa miaka 44, kutokana na maradhi ya mapafu. Kabla ya mwaka kuisha, marafiki zake walikichapisha kitabu hicho kikiwa na herufi za kwanza za jina lake tu. Mwaka uliofuata, serikali ilikipiga marufuku.

Zaidi ya karne mbili baadaye, mwaka 1929, mwanasayansi Albert Einstein alipoulizwa na rabi mmoja wa New York iwapo anamwamini Mungu, alijibu kwamba anamwamini Mungu wa Spinoza. Hata hivyo, jumuiya iliyomfukuza haikulegeza msimamo. Mwaka 2013, rabi wake alipoombwa ashauri kuhusu kuliondoa tangazo la 1656, alishauri lisiondolewe.

Aliyefukuzwa hakuwahi kuomba asamehewe. Aliamini kwamba Mungu hana mlango ambao binadamu anaweza kufungiwa nje.