SIR APOLO KAGWA NA ARDHI YA MAILO

Miongoni mwa watu walioacha alama isiyofutika katika historia ya Uganda, hapana budi kumtaja Sir Apolo Kagwa. Alizaliwa yapata mwaka 1864 katika ukoo wa Nsenene, akalelewa kama mtumishi katika jumba la Kabaka. Mwaka 1886, Kabaka Mwanga alipowaua wafuasi wa Ukristo, Kagwa alipigwa na kujeruhiwa, akaponea chupuchupu. Mwaka 1889, Mwanga aliporejea katika kiti chake baada ya vita vya dini, kijana huyo aliteuliwa kuwa Katikiro, yaani Waziri Mkuu wa Buganda, cheo alichokishika hadi mwaka 1926.

Wengi humkumbuka kwa safari yake ya Uingereza mwaka 1902, na kwa vitabu alivyoandika juu ya wafalme na mila za Baganda. Lakini jambo linalowagusa watu mpaka hivi leo ni ardhi.

Tarehe 10 Machi, 1900, Kabaka Daudi Chwa akiwa bado mtoto mdogo, Kagwa na wenzake waliotawala kwa niaba yake, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri, walikubaliana na Sir Harry Johnston, mjumbe wa Uingereza. Mapatano hayo yalitenga maili za mraba 8,000 kwa machifu na watu binafsi wapatao 1,000. Ndiyo asili ya jina la mailo. Baraza la Lukiiko lilipewa kazi ya kugawa, na mwishowe waliopata walizidi 3,000. Wakulima walio wengi hawakupata kitu. Walilala wenyeji, wakaamka wapangaji.

Hapo zamani, mkulima aliyedhulumiwa na chifu aliweza kuhamia kwa chifu mwingine, na viwanja vya makaburi ya mababu, viitwavyo butaka, viliangaliwa na wakuu wa koo. Chini ya utaratibu mpya, kiwanja cha ukoo mmoja kiliweza kuandikwa kwa jina la mtu wa ukoo mwingine, naye akawa na haki ya kukiuza. Mwaka 1921 wakuu wa koo waliungana wakapeleka malalamiko yao kwa Kabaka. Kagwa na machifu wenzake walishikilia kwamba ugawaji ulikwisha kuthibitishwa, na kwamba kuufungua upya kungevuruga nchi nzima. Tume iliundwa mwaka 1924 kusikiliza shauri hilo, lakini mwaka 1926 Serikali ya Uingereza iliamua mailo ibaki kama ilivyo.

Wakati huo huo pamba ilikuwa imeleta fedha, na wenye ardhi wakazidi kudai busuulu, yaani kodi ya kiwanja, na envujjo, yaani fungu la mazao. Kagwa alijiuzulu mwaka 1926 baada ya kukosana na maofisa wa kikoloni, akafariki Nairobi mwezi Februari, 1927. Katika mwaka huo huo wa kifo chake ilipitishwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1928. Iliwekea malipo hayo kikomo, na ikakataza mwenye ardhi kumfukuza mpangaji pasipo amri ya mahakama.

Sheria hiyo ilidumu mpaka mwaka 1975, ambapo amri ya Idi Amin ilifanya ardhi yote kuwa ya umma. Katiba ya mwaka 1995 ikairudisha mailo, na sheria ya mwaka 2010 ikasisitiza tena kwamba mkaaji halali hafukuzwi ila kwa amri ya mahakama, kwa kosa la kutolipa kodi.

Kagwa aliwapatia wakubwa wa Buganda hati ambazo mkoloni hakuweza kuwanyang'anya kwa urahisi. Sifa hiyo ni haki yake. Lakini hati moja ilipowekwa juu ya watu wawili, mwenye karatasi na mwenye shamba, kesi zilizaliwa. Ye yote anunuaye ardhi ya mailo leo hununua pamoja na watu walio juu yake, na ni vema akawajua kabla ya kutoa fedha yake.