Isaac Newton: Mtu Aliyeipima Nguvu Ivutayo Vyote

Katika safu hii tumezoea kusimulia maisha ya majemadari, wafalme na wapigania uhuru. Leo tunawaletea ndugu zetu wa jeshi na polisi maisha ya mtu ambaye hakupata kuongoza kikosi wala kupigana vita, lakini ambaye kanuni zake zinatenda kazi katika kila risasi itokayo mtutuni, katika kila lori lifungalo breki kwenye barabara ya Masaka, na katika kila jiwe liporomokalo miteremko ya Rwenzori. Mtu huyo ni Sir Isaac Newton, mtaalamu wa Uingereza aliyefariki mwaka 1727. Wengi wanamjua kwa habari ya tunda lililoanguka. Ni wachache wajuao kwamba mtu huyo huyo alifanya pia kazi ya upelelezi, akawasaka watengenezaji wa sarafu bandia mpaka wakafikishwa mahakamani.

UTOTO NA MASOMO

Newton alizaliwa katika kijiji cha Woolsthorpe, jimbo la Lincolnshire, siku ya Krismasi ya mwaka 1642 kwa kalenda iliyotumika Uingereza wakati ule. Kwa kalenda ya leo siku hiyo ni tarehe 4 Januari 1643. Baba yake, mkulima asiyejua kusoma, alikuwa amekwisha kufariki miezi mitatu kabla. Mtoto alipofika umri wa miaka mitatu, mama yake aliolewa na mume mwingine akahamia kwake, na Isaac akaachwa alelewe na bibi yake. Uchungu wa kuachwa haukumtoka upesi, na huenda ndiyo sababu alikua mtu mkimya, mwenye kushuku watu na kutopenda kupingwa.

Alipelekwa shule katika mji wa Grantham. Baadaye mama yake, aliyekuwa mjane kwa mara ya pili, alimrudisha nyumbani ili awe mkulima. Kijana hakufaa kitu shambani: mifugo ilipotea naye amezama katika vitabu. Mjomba wake pamoja na mwalimu mkuu wa shule walimsihi mama amrudishe masomoni, naye akakubali. Mwaka 1661 aliingia Trinity College katika Chuo Kikuu cha Cambridge akiwa mwanafunzi wa daraja la chini, yaani yule aliyelipia masomo yake kwa kuwatumikia wenziwe matajiri. Hivyo ndivyo alivyoanza.

MIAKA YA TAUNI

Mwaka 1665 tauni iliingia Uingereza na kuua watu wengi mno mjini London. Chuo kikafungwa, na Newton akarudi kijijini. Sisi wa Uganda, tulioona shule zetu zikifungwa Machi 2020 na kufunguliwa kikamilifu Januari 2022, tunajua jinsi muda wa namna hiyo unavyoweza kupotea bure. Newton hakuupoteza. Katika miezi ile ya upweke alianzisha tawi jipya la hisabati la kuhesabia vitu vinavyobadilika mfululizo, akachunguza mwanga na kugundua kwamba mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi zote za upinde wa mvua, na akaanza kujiuliza juu ya Mwezi.

Tunda likikatika mtini huanguka chini, kwa kuwa Dunia inalivuta. Je, nguvu hiyo inaishia kwenye kilele cha mti? Inaishia juu ya mlima? Au inafika hata Mwezini? Na kama inafika, mbona Mwezi hauanguki? Hilo ndilo swali lililomshughulisha. Jibu alilolipata hatimaye ni kwamba Mwezi nao unaanguka kila dakika, isipokuwa unakwenda pia upande kwa kasi kubwa, basi kuanguka kwake kunageuka kuwa kuizunguka Dunia.

Tuitazame hesabu yenyewe, maana ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Kitu kikiachiliwa karibu na ardhi huanguka takriban mita 4.9 katika sekunde ya kwanza. Mwezi uko mbali na kitovu cha Dunia mara 60 kuliko sisi tulio juu ya uso wake. Newton alifikiri kwamba nguvu ya mvutano hupungua kwa kadiri ya umbali uliozidishwa kwa wenyewe. Mara 60 kwa 60 ni 3,600. Basi huko Mwezini mvutano uwe sehemu moja ya 3,600 ya mvutano wa hapa. Ikiwa ni hivyo, Mwezi uanguke katika dakika nzima mita zile zile 4.9 ambazo jiwe huanguka katika sekunde moja. Wapimaji wa nyota walikuwa wamekwisha kupima mwendo wa Mwezi, na hesabu iliafikiana nao. Nguvu iangushayo embe ndiyo iushikayo Mwezi.

KITABU KIKUU

Newton alirejea Cambridge, na mwaka 1669, akiwa na umri wa miaka 26, alifanywa profesa wa hisabati. Alitengeneza darubini ya aina mpya yenye kutumia kioo cha kuakisi, ikampatia uanachama wa Royal Society, chama cha wataalamu cha London, mwaka 1672. Lakini habari za mvutano alizifungia sandukuni. Robert Hooke, mtaalamu mwingine, alipoyapinga maandishi yake kuhusu mwanga, Newton alikasirika akajitenga.

Mwaka 1684 mtaalamu wa nyota Edmond Halley alisafiri mpaka Cambridge kumwuliza: sayari ikivutwa na Jua kwa nguvu inayopungua kwa kadiri ya umbali uliozidishwa kwa wenyewe, itapita njia ya umbo gani? Newton alijibu papo hapo kwamba ni duaradufu, na kwamba alikwisha kulihesabu jambo hilo zamani. Halley alimhimiza aandike. Kwa muda wa miezi kama kumi na minane Newton alifanya kazi bila kujali chakula wala usingizi, na mwaka 1687 kitabu chake, Principia, kikatoka. Royal Society ilikuwa imemaliza fedha zake kwa kuchapisha kitabu cha habari za samaki, kwa hiyo Halley aligharimia uchapaji kutoka mfukoni mwake.

Ndani ya kitabu hicho zimo kanuni tatu za mwendo. Ya kwanza: kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kilicho katika mwendo huendelea moja kwa moja kwa kasi ile ile, mpaka nguvu nyingine ikibadilishe. Ya pili, ambayo leo huandikwa F = ma: nguvu ni sawa na tungamo, yaani wingi wa maada iliyomo katika kitu, mara mchapuko wake. Ya tatu: kila nguvu ina nguvu nyingine iliyo sawa nayo ikielekea upande wa pili. Juu ya hizo ikaja kanuni ya mvutano wa ulimwengu: kila kitu huvuta kila kitu kingine, kwa kadiri ya tungamo zao zikizidishwa pamoja, na kugawanywa kwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe. Leo huandikwa F = Gm₁m₂/r². Kipimo cha G hakikujulikana katika maisha ya Newton; jaribio la Henry Cavendish la mwaka 1798 ndilo lililowezesha kukijua.

KANUNI HIZO NA KAZI YA ASKARI

Askari ajuaye silaha yake anazijua kanuni hizi mwilini hata kama hakuzisoma darasani. Risasi ikienda mbele, bunduki hurudi nyuma na kugonga bega: hiyo ni kanuni ya tatu. Risasi ikishatoka mtutuni, Dunia huanza kuivuta mara moja. Iliyopigwa sawasawa na ardhi na ile iliyoachiliwa mkononi kwa wakati mmoja huanguka kwa kiasi karibu kile kile. Katika nusu sekunde ni mita moja na robo kasoro kidogo, na ndiyo maana chuma cha kulengea huinuliwa kadiri shabaha inavyokuwa mbali.

Newton mwenyewe alitoa mfano wa mzinga uliowekwa juu ya mlima mrefu kuliko yote. Tuseme uko kwenye kilele cha Margherita katika Rwenzori, mita 5,109 juu ya bahari, na tuseme hakuna hewa ya kuuzuia. Kombora likitoka polepole litaanguka Kongo. Likitoka kwa kasi zaidi litavuka misitu yote mpaka baharini. Na likifikia takriban kilomita 7.9 kwa sekunde, litaendelea kuanguka bila kuigusa ardhi, na kurejea pale lilipotoka. Risasi ya AK-47 hutoka kwa takriban mita 700 kwa sekunde, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya kasi hiyo. Kwa kanuni hiyo hiyo, satelaiti ndogo ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, iliyorushwa mwaka 2022, iliizunguka Dunia.

Lipo hapa jambo zito ambalo hatuwezi kulinyamazia. Risasi inayopigwa hewani, iwe kwa kuonya umati au kwa furaha, haipotei mbinguni. Itapanda, itasimama, kisha itarudi, na hatujui itamwangukia nani katika mji uliojaa watu kama Kampala. Hewa huipunguzia kasi, lakini hata hivyo inaweza kutoboa fuvu la mtu. Na ile iliyopigwa kwa kuinama huhifadhi kasi zaidi na hufika mbali zaidi. Mwenye kuelewa kanuni ya Newton hatasema kwamba alipiga hewani tu.

Askari wa barabarani naye anayo sehemu yake. Gari likiongeza kasi kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, umbali linaohitaji ili kusimama baada ya breki kushika hauongezeki mara mbili bali mara nne. Lori na boda boda vikigongana, nguvu inayovipiga vyote viwili ni sawa. Lakini kwa kuwa tungamo ya pikipiki ni ndogo, mchapuko wake ni mkubwa, na mpanda pikipiki ndiye anayerushwa.

NCHI YETU NA UMBO LA DUNIA

Newton alitabiri pia kwamba Dunia, kwa sababu ya kuzunguka kwake, imebinyika kidogo kwenye ncha na kututumka kwenye Ikweta. Wafaransa walituma wapimaji Peru mwaka 1735 na Lapland mwaka 1736, nao wakathibitisha. Uganda nayo ilikuwa na fungu lake: kati ya mwaka 1908 na 1909 wapimaji walioongozwa na mwanajeshi, Kapteni E. M. Jack, walipima sehemu ya mstari wa longitudo ya 30 magharibi mwa nchi yetu, katika kazi kubwa iliyokusudiwa kulijua umbo la Dunia. Leo twajua kwamba mtu asimamaye Kayabwe, pale Ikweta inapoikata barabara ya Masaka, yuko mbali na kitovu cha Dunia kwa kilomita kama 21 kuliko aliye kwenye ncha. Kwa hiyo, na kwa sababu Dunia inazunguka, mtu huyo ana uzito pungufu kidogo.

MSAKAJI WA SARAFU BANDIA

Mwaka 1696 Newton aliacha ualimu akahamia London, akawa mwangalizi wa kiwanda cha serikali cha kufua sarafu. Nchi ilikuwa taabani: sarafu za fedha zilikatwa kingo na nyingine zilikuwa bandia, na biashara iliyumba. Kughushi sarafu kulihesabiwa kuwa uhaini, na adhabu yake ilikuwa kifo. Kazi ya kuwashtaki wahalifu iliangukia ofisi yake. Kwanza aliomba aondolewe mzigo huo. Alipokataliwa, aliubeba kwa bidii ile ile aliyoitumia kwa sayari. Alijipatia mamlaka ya hakimu wa amani, akawalipa wapashaji habari, akakaa na mahabusi gerezani na kuandika maelezo ya mashahidi mmoja baada ya mwingine.

Adui yake mkubwa alikuwa William Chaloner, mghushi mjanja aliyethubutu kuliambia Bunge kwamba kiwanda cha sarafu kinaendeshwa vibaya na kwamba yeye ndiye awezaye kukitengeneza. Safari ya kwanza Chaloner aliponyoka, kwa kuwa shahidi alihongwa akakimbilia Scotland. Newton hakukata tamaa, wala hakutegemea tena shahidi mmoja. Alikusanya mashahidi wengi wasiotegemeana, kiasi kwamba hata mmoja akipotea kesi isianguke. Machi 1699 Chaloner alihukumiwa, akanyongwa. Mwisho wa mwaka huo Newton akawa mkuu wa kiwanda.

UZEE NA KIFO

Mwaka 1703 alichaguliwa rais wa Royal Society, na mwaka 1705 Malkia Anne alimpa heshima ya Sir. Hatutaficha ila zake. Aligombana na Hooke mpaka kaburini. Alibishana kwa miaka mingi na Mjerumani Leibniz juu ya nani aliyeanzisha ile hisabati mpya, na akautumia urais wake kujipendelea. Mwaka 1720 alipoteza fedha nyingi katika hisa za South Sea, kama watu wa kawaida waliokimbilia utajiri wa haraka. Alifariki Machi 1727 akiwa na umri wa miaka 84, hakuoa wala hakuacha mtoto, akazikwa kwa heshima kubwa katika Westminster Abbey.

Tunamkumbuka kwa sababu hakukubali dhana mpaka ilingane na vipimo, wala hakufikisha mashtaka mahakamani mpaka ushahidi ukamilike. Kwa mtu aliyekabidhiwa silaha na sheria ya nchi, hakuna funzo lililo bora kuliko hilo: kupima kwanza, kisha kutenda. Risasi ikishatoka hairudishwi, na mtu aliyehukumiwa kwa ushahidi mbovu harudishiwi siku zake.