Donald Winnicott: Daktari wa watoto aliyewapa moyo wazazi kupitia redio

Siku hizi mzazi anayehangaika na mtoto mwenye hasira anaweza kupata mafunzo ya malezi kwenye simu yake. Lakini kumsaidia mzazi aliye mbali si jambo jipya. Leo tunawaletea maisha ya daktari wa Uingereza aliyeifanya kazi hiyo kupitia redio zaidi ya miaka 80 iliyopita.

Donald Winnicott alizaliwa tarehe 7 Aprili 1896 katika mji wa bandari wa Plymouth. Baba yake alikuwa mfanyabiashara na aliwahi kuwa meya wa mji huo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta Donald akisomea udaktari, akaenda kuhudumu kwenye manowari. Mwaka 1923 alianza kazi katika hospitali ya watoto ya Paddington Green, London, na akaitumikia kwa miaka 40. Maelfu ya akina mama walimletea watoto wao, ingawa yeye mwenyewe hakujaliwa kupata mtoto.

Vita vya Pili vilipoanza mwaka 1939, watoto wengi wa mijini walihamishiwa vijijini ili kuwaepusha na mabomu. Wakatengana na wazazi wao. Baadhi yao walianza kukojoa kitandani, kuiba na kupigana, hadi wenyeji wao wakashindwa kukaa nao. Watoto hao waliwekwa katika mabweni maalumu, na Winnicott akawa daktari wa mabweni ya eneo la Oxfordshire.

Katika miaka hiyo, yeye na mkewe walimchukua nyumbani mvulana wa miaka 9 aliyekuwa na tabia ya kutoroka. Walikaa naye miezi mitatu, na haikuwa rahisi. Hasira zilipompanda kupita kiasi, daktari alimtoa nje ya mlango na kumwambia wazi kwamba tendo lake limemchukiza. Mlangoni palikuwa na kengele. Mtoto alijua kwamba akiibonyeza atafunguliwa, na yaliyopita hayatatajwa tena.

Winnicott aliandika baadaye kwamba hakumpiga hata mara moja. Alieleza pia sababu: aliijua hasira yake mwenyewe na aliisema kwa maneno. Kama angeifukia moyoni, mkono wake ungeinuka.

Kuanzia mwaka 1943, Winnicott alizungumza na wazazi kupitia BBC. Hakupenda kuwapa amri. Aliwaeleza akina mama mambo mema ambayo tayari walikuwa wakiyafanya bila kufundishwa, kama kumbeba mtoto, kumnyonyesha na kumbembeleza. Alifundisha kwamba mtoto anayelia kwa hasira hamharibu mama yake. Akiona mama bado yupo na hajalipiza kisasi, anajifunza polepole kwamba hasira ni kitu kinachopita.

Fundisho lake linalojulikana zaidi ni kwamba mtoto hahitaji mama asiye na kasoro. Anahitaji mama anayejitahidi vya kutosha. Mwanzoni mama huitikia karibu kila haja ya mtoto mchanga. Kadiri mtoto anavyokua, mama huchelewa kidogo hapa na pale, na mtoto huzoea kungoja na kujituliza mwenyewe.

Winnicott alifariki London mwezi Januari 1971, akiwa na umri wa miaka 74. Mazungumzo yake ya redio yalichapishwa vitabuni na bado yanasomwa.

Msikilizaji, kama unafuata mafunzo ya malezi kwenye simu, maisha ya daktari huyu yanatupa kipimo kimoja. Mafunzo yanayokuacha ukijiona umeshindwa kulea hayatamtuliza mtoto wako. Tafuta yale yanayokusaidia kwanza kuitambua hasira yako wewe, kuisema kwa maneno, na kumfungulia mtoto mlango anaporudi.