Asa Gray: mwalimu wa mimea, rafiki wa Darwin, mtu wa kanisa

Mwanafunzi wa isimu hufundishwa mapema kulinganisha. Anaweka neno mtu la Kiswahili kando ya moto la Kilingala, muntu la Kikongo na umuntu la Kibemba, na mara anaelewa kwamba maneno haya hayakuzuka kila moja kivyake. Yana mzazi mmoja, ingawa wasemaji wametawanyika mbali. Hakuna anayeona kwamba jambo hilo linampunguzia Mungu heshima. Lakini wazo hilo hilo likihamishiwa kwenye miti na wanyama, wengi wetu tuliolelewa kanisani tunaingiwa na hofu. Tunaambiwa tuchague: ama mageuko ya viumbe, ama imani. Kwa sababu hiyo nimeona inafaa kusimulia maisha ya mtu aliyekataa kuchagua, akalipia kukataa kwake kwa kufikiri sana.

Asa Gray alizaliwa tarehe 18 Novemba 1810 huko Sauquoit, katika jimbo la New York, Marekani. Baba yake alitengeneza ngozi na kulima. Kijana alisomea udaktari, akapata shahada yake mwaka 1831, lakini mimea ilikuwa imekwisha kumteka moyo. Aliuacha udaktari, akawa msaidizi wa John Torrey, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akifundisha mjini New York. Torrey alikuwa Mpresbiteri mwenye bidii, na karibu na familia hiyo imani ya Gray ilikomaa. Mwaka 1838 wawili hao walianza kutoa kitabu kikubwa juu ya mimea ya Amerika Kaskazini.

Mwaka 1842 Gray aliitwa kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Harvard, na huko alibaki hadi mwisho wa maisha yake. Alifundisha, alitunza bustani ya mimea ya chuo, na kila jioni alipambana na vifurushi vya majani makavu vilivyotumwa na wasafiri kutoka kila pembe. Nguvu yake kubwa ya ualimu ilikuwa katika vitabu. Mwongozo wake wa mimea, uliotoka mwaka 1848, ulimwezesha hata mkulima au mwalimu wa kijijini kulitambua ua aliloliona njiani; uliendelea kurekebishwa na kuchapishwa muda mrefu baada ya kifo chake. Mwaka 1858 aliwaandikia watoto kitabu cha kueleza jinsi mimea inavyokua. Mwaka 1864 alikitolea chuo mkusanyo wake wote: sampuli zipatazo 200,000 za mimea iliyokaushwa, pamoja na vitabu zaidi ya 2,000.

Charles Darwin alianza kumwandikia mwaka 1855. Alitaka kujua mimea ya Amerika imesambaa namna gani, na Gray alimjibu kwa takwimu na uangalifu. Darwin alimwamini hata akamfungulia siri yake. Tarehe 5 Septemba 1857 alimpelekea muhtasari wa nadharia ya uteuzi asilia, ambayo wakati huo watu wachache mno waliijua. Barua hiyo ikawa na maana kubwa. Alfred Russel Wallace alipofikia wazo hilo kwa njia yake mwenyewe, sehemu ya barua ilisomwa mjini London tarehe 1 Julai 1858 pamoja na makala ya Wallace, ikawa ushahidi kwamba Darwin hakuiba wazo la mtu.

Gray naye alikuwa na ushahidi wake. Akichunguza mimea iliyoletwa kutoka Japani, aliona jambo la ajabu: mingi ilifanana na ile ya mashariki mwa Amerika kuliko ile ya magharibi, iliyo karibu zaidi na Japani. Alieleza kwamba zamani, dunia ilipokuwa na joto zaidi, msitu mmoja ulienea kaskazini na kuyaunganisha mabara. Baridi kali ilipoingia, mimea ilisukumwa kusini pande zote mbili, ikatengana, kisha ikabadilika kidogo kidogo. Mwanaisimu anaitambua hoja hii mara moja: ndugu wawili wanaoishi mbalimbali walitoka nyumba moja.

Katika Harvard hiyo hiyo alikuwepo Louis Agassiz, mwanasayansi mwenye sifa kubwa kuliko Gray. Agassiz alifundisha kwamba Mungu aliumba kila aina ya kiumbe pale pale inapopatikana, bila undugu kati ya aina na aina. Alilipeleka wazo hilo hadi kwa binadamu: kwake, watu weusi na watu weupe walikuwa na asili mbalimbali. Katika nchi iliyokuwa bado inashika watumwa, fundisho hilo halikuwa mchezo. Majira ya baridi ya 1858 kuelekea 1859 Gray alisimama mbele ya wasomi wa Boston na eneo lake, akampinga Agassiz kwa hoja za mimea. Msomaji wa Kiafrika asisahau: aliyetetea asili moja ya viumbe ndiye pia aliyeacha mlango wazi kwa undugu wa wanadamu wote.

Kitabu cha Darwin kilipotoka mwishoni mwa 1859, Gray alikitetea Marekani katika makala za mwaka 1860. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba kujua njia ambayo viumbe walipitia hakumfuti Yule aliyeiweka njia. Darwin aliipenda kazi hiyo hata akagharimia kuchapishwa kwake upya kama kijitabu. Lakini hakukubaliana nayo yote. Alimweleza Gray jinsi mateso ya viumbe yalivyomsumbua: kuna nyigu ambao watoto wao huwala viwavi wakiwa hai, na hilo hakuweza kulipatanisha na Mungu mwema. Gray alidhani pengine mabadiliko ya viumbe huongozwa kwenye mkondo wa manufaa. Mwaka 1868 Darwin alimjibu hadharani kwa mfano wa mwashi. Mwashi hujenga kwa mawe yaliyoporomoka mlimani, akichagua yanayomfaa. Je, tutasema kila jiwe lilichongwa na mporomoko kwa ajili ya nyumba yake?

Gray hakujifanya ameshinda. Alikiri kwa rafiki yake kwamba hoja ile ni ngumu kuivunja, na kwamba kusadiki kusudi la Mungu katika maumbile husimama zaidi juu ya imani. Wala hakuacha imani, wala hakuacha mageuko. Mwaka 1876 alikusanya makala zake katika kitabu alichokiita Darwiniana, akijitangaza humo kuwa mfuasi wa Darwin katika sayansi na Mkristo anayeikiri Imani ya Nikea. Mwaka 1880 aliwahutubia wanafunzi wa teolojia wa Yale juu ya jambo hilo hilo. Na urafiki? Mwaka 1877 Darwin alimtolea Gray kitabu chake juu ya aina tofauti za maua. Darwin alifariki mwaka 1882. Gray alimfuata tarehe 30 Januari 1888, akiwa na miaka 77.

Maisha haya hayatupi jibu la swali la nyigu na kiwavi. Yanatuonyesha mtu aliyelibeba swali hilo zaidi ya miaka ishirini bila kuficha ushahidi wala kumtukana aliyemuuliza. Sisi tunaochora matawi ya lugha za Kibantu darasani siku za kazi, kisha Jumapili tukaimba katika kwaya, tunaye ndugu mkubwa aliyetutangulia.