Adrian Atiman: Mtoto Aliyeuzwa, Jirani wa Wote



Sisi wa Ntalikwa na Tabora yote tunaishi juu ya njia ya zamani ya misafara. Hapa Unyanyembe walipita wapagazi Wanyamwezi na pembe za ndovu mabegani. Walipita pia watumwa, kamba na minyororo shingoni, wakisukumwa kwenda Bagamoyo. Habari za waliopelekwa pwani tumezisikia sana. Leo tumkumbuke mmoja aliyeijia njia hii kwa upande wa pili: aliyewahi kuuzwa mtumwa, akaja bara akiwa tabibu na katekista. Ni Adrian Atiman.

Atiman hakuwa mtu wa huku. Alizaliwa miaka ya 1860 karibu na Timbuktu, kwenye nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa bado mtoto mdogo alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria. Hebu fikiria: mtoto wa umri wa darasa la pili, haelewi lugha ya waliomchukua, kila siku anazidi kwenda mbali na mama yake.

Huko Algeria, mwaka 1876, Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe, walimkomboa kwa fedha. Wakamlea na kumsomesha, naye akabatizwa na kuitwa Adrian. Mwanzilishi wa shirika lao, Kardinali Lavigerie, alikuwa na mpango: vijana Waafrika waliokombolewa wasomee uganga, kisha waende kuwahudumia Waafrika wenzao, wakiishi nao na kuoa kati yao. Kwa hiyo Atiman alipelekwa kisiwa cha Malta, akasoma huko hadi mwaka 1888.

Mwaka huohuo alianza safari ya kuja huku. Pwani ilikuwa inawaka moto kwa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Msafara wake ulipanda bara kwa miguu, ukaelekea Unyanyembe, ambako Mapadri Weupe walikuwa na misheni yao Kipalapala wakilea watoto waliokombolewa utumwani. Kisha ukaendelea magharibi, na mwaka 1889 akafika Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Kutoka Tabora hadi Karema leo tunalalamika tukiwa kwenye basi. Wao walitembea, tena katika nchi ambayo biashara ya watumwa ilikuwa bado haijaisha.

Tusiruke jambo hili. Njiani Atiman aliweza kukutana na watu wa biashara ileile iliyomtoa kwao. Angekuwa na kila sababu ya kukataa. Nani angemlaumu kama angetaka kwanza kutafuta nyumbani kwao?

Lakini alibaki Karema. Alimwoa Agnes, binti wa huko, na mtoto wao mmoja, Joseph, akawa padri. Atiman alijifunza lugha, akafundisha dini, akatibu watu. Hapakuwa na hospitali kubwa ya kumpelekea mgonjwa aliyemshinda. Walimjia wenye homa, wenye vidonda, wenye ndui, Wakristo na wasio Wakristo, naye aliwapokea wote. Wajerumani walitawala, wakaondoka. Waingereza wakaja. Atiman alikuwa bado yupo Karema. Alifariki huko mwaka 1956, baada ya miaka 67 ya utumishi. Dar es Salaam, nyumba ya Mapadri Weupe inaitwa Atiman House. Wengi tunapita pale mjini bila kujua jina hilo ni la nani.

Sasa tufungue Luka sura ya 10. Mwanasheria anamwuliza Yesu jirani yake ni nani, na Yesu anamsimulia habari za mtu aliyevamiwa na wanyang'anyi kwenye njia ya kwenda Yeriko. Tukiisikia, karibu wote tunajiweka upande wa Msamaria. Lakini yule aliyepigwa je? Alipopona, akatoka kwenye nyumba ya wageni, alifanya nini na maisha yake? Injili haisemi. Mimi nikisoma maisha ya Atiman naona kama jibu mojawapo. Yeye ndiye aliyevamiwa njiani, mwingine akalipa gharama zake. Alipopata nguvu, alirudi njiani kuwatafuta waliolala chini kama alivyowahi kulala yeye. Waliomsaidia hawakuwa watu wa kwao, na wale aliowasaidia pia hawakuwa wa kwao. Karema hakuwa na shangazi wala binamu. Alijifanya jirani yao, basi.

Hapo ndipo penye ugumu kwetu. Wengi wetu tumeumizwa: wengine na wazazi, wengine na marafiki, wengine hata kanisani. Na maumivu yana lugha yake: mimi nilipolia nani alinisaidia? Ngoja kwanza nijipange, hayo ya wengine baadaye. Kwa kweli, kidonda kinahitaji muda, na hata yule wa Yeriko alilazwa kwanza. Mungu hamkimbizi mtu aliye kitandani. Ila kidonda kikipona kinaweza kuwa ukuta, au kinaweza kuwa macho ya kumwona mwenzako haraka kuliko wengine wanavyomwona. Atiman alichagua macho.

Kwa hiyo wiki hii jiulize jambo moja tu: mimi niliumia wapi? Kisha mtafute anayeumia hapohapo leo. Kama ulikosa ada, kuna mdogo wako wa jumuiya anayekosa daftari. Kama uliwahi kulazwa bila mtu wa kukuletea uji, kuna mgonjwa wodini asiye na mgeni. Na bodaboda akianguka barabarani, weka simu mfukoni, umwinue.

Tuombe. Ee Bwana, ulimwinua Adrian aliyetupwa njiani, ukamfanya mkono wako kwa wagonjwa wa Karema. Utuponye nasi, na tukishapona usituache tupite upande wa pili wa barabara. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.