Mbatian: Laiboni aliyetabiri maangamizi

KILELE kirefu kuliko vyote katika Mlima Kenya, chenye urefu wa mita 5,199, kinaitwa Batian. Jina hilo lilitolewa na Mwingereza Halford Mackinder, aliyekikwea mwaka wa 1899, kwa heshima ya Mbatian, laiboni mkuu wa Wamaasai aliyefariki karibu mwaka wa 1890. Hata hivyo, katika masimulizi ya Kimaasai jina lake limefungamana na jambo zito zaidi: maradhi.

Mbatian, mwana wa Supeet, hakuwa mfalme. Kazi yake ilikuwa kupiga ramli, kutoa dawa na kuwabariki morani. Inasimuliwa kwamba kabla ya kufa aliwaonya watu wake kuwa ng'ombe wangeangamia, kisha wao wenyewe, na kwamba wageni weupe wangewasili.

Ikawa hivyo. Homa ya mapafu ilikuwa imekwisha kupunguza mifugo katika miaka ya 1880. Sotoka, iliyoingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa muongo huo pamoja na ng'ombe wa kigeni, ilifika Umaasaini mwaka wa 1890 na 1891. Ndui ikafuata mwaka wa 1892. Wamaasai hukiita kipindi hicho Emutai, yaani maangamizi. Wana wa Mbatian, Olonana na Sendeyo, nao wakapigania urithi. Jamii iliyodhoofika hivyo ndiyo iliyotia sahihi mkataba wa 1904 na kupoteza malisho yake bora.

Epidemiolojia, elimu ya jinsi maradhi yanavyoenea katika jamii, haitosheki na kumtazama mgonjwa mmoja. Huuliza ni nani wanaougua, wapi, lini na kwa nini. Maswali hayo huifafanua Emutai. Sotoka haimwambukizi binadamu, lakini ng'ombe ambao hawakuwahi kukutana nayo hawakuwa na kinga. Walipokufa, maziwa yakakatika. Wenye njaa wakakimbilia kwa majirani, na ndui ikawakuta wakiwa wamedhoofika.

Lengo la elimu hiyo ni kuzuia, si kueleza tu. Ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka wa 1980, na sotoka mwaka wa 2011. Hadi leo hayo ndiyo maradhi mawili pekee ambayo binadamu amefaulu kuyafuta kabisa. Chanjo ya sotoka iliyoleta ushindi huo ilitengenezwa Muguga, Kenya, na Walter Plowright. Lakini chanjo peke yake haikutosha. Ilibidi wataalamu waketi na wafugaji wa Afrika Mashariki, wasikilize majina wanayoyapa maradhi na kufuata nyayo za mifugo yao, ndipo maficho ya mwisho yakajulikana.

Watu wa Mbatian walipata onyo bila njia ya kujikinga. Mfugaji wa Loitokitok, ambako ng'ombe na nyati hukaribiana na mpaka wa Tanzania uko jirani, anayo njia hiyo leo: kumwarifu daktari wa mifugo mapema, kabla ya mnyama wa pili kuanguka.