Emmanuel Kataliko, askofu aliyefukuzwa akapelekwa kwao

Mtu akifukuzwa na wakubwa wa vita, mara nyingi wanamtupa mbali na kwao. Kwa Askofu Emmanuel Kataliko mambo yaligeuka. Februari 2000 waasi wa RCD-Goma walimkataza kukaa Bukavu, wakamrudisha Butembo, kwao kabisa.

Hapa watu walimjua zamani. Alizaliwa Lukole mwaka 1932, akapewa upadri 1958, na 1966 akawa askofu wa Beni, jimbo ambalo baadaye likaitwa Butembo-Beni. Parokia ya Luofu, kule kusini ya Lubero, imo ndani ya jimbo hilo. Aliliongoza miaka 31. Chuo kikuu cha Graben, kilichoanza Butembo mwaka 1989, ni kazi yake pia.

Mwaka 1997 alitumwa Bukavu. Kiti alichokalia kilikuwa cha Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa na askari tarehe 29 Oktoba 1996. Munande huyu akawa mgeni, mchungaji wa Bashi, Warega na wengine ambao lugha yao haikuwa yake. Halafu vita ya Agosti 1998 ikaanza. Mwezi uleule, kule Kasika, wanainchi wengi waliuawa, na padri pamoja na watawa wakafia palepale kwenye parokia.

Noeli ya 1999 Kataliko aliandika barua kwa waamini wake. Alilaumu wageni waliokuwa wanapora inchi kwa msaada wa Wakongomani wenyewe, lakini aliwaomba watu wasiache tumaini na wasishike silaha ya chuki. Waasi wakasema anachochea ukabila.

Alipozuiliwa, Wakatoliki wa Bukavu waligoma. Shule zao zikafungwa, makanisa nayo yakafungwa kwa muda. Kwa mkristo wa Kivu, kukosa misa siku ya Mungu si jambo ndogo, zaidi wakati wa vita, ambapo misa ndiyo karibu kitu cha pekee kilichobaki. Hata hivyo walikubali kuikosa juu ya mtu ambaye hakuwa wa kabila lao.

Miezi saba ikapita. Tarehe 14 Septemba 2000 alirudi Bukavu, na umati ukatoka kumpokea. Baadaye akaenda Roma kwa mkutano. Moyo ukasimama kulekule, tarehe 4 Oktoba, siku 20 tu baada ya kurudi. Maiti yake ililetwa Kongo, akazikwa kwenye kanisa kuu la Bukavu, kando ya Munzihirwa.